Piko Nyuma ya Masikio

Siku moja kabla ya karamu ya kumuaga Daktari Zuhura nilipita kwa kinyozi wangu wa Malindi, nyuma ya soko, nikamwambia aniondolee mvi. Zilikuwa chache tu, upande wa masikio, lakini nilijua Sidi atakuwepo na sikutaka azione. Kinyozi alikoroga piko, rangi nyeusi ya nywele, katika kikopo cha mtindi, akanipaka kwa mswaki mkuukuu na kuniuliza kama naoa. Nikamwambia naenda kula wali. "Wali wa nani huo unaotaka ujana wote huu?" akasema, na waliokuwa wakisubiri zamu wakacheka. Kesho yake nilikuwa Kilifi, uani kwa Daktari, chini ya turubai, na sahani ya wali wa nazi na samaki wa kupaka magotini, nikizungumza na watu ambao majina yao nilikuwa nimeyasahau. Kisha Sidi akaingia. Siku hizi ni Daktari Sidi. Polisi wakipata maiti wasiyoielewa, kutoka huku kwetu mpaka Mariakani, yeye ndiye anayepigiwa simu. Mvi zake zilikuwa mbele kabisa, juu ya paji la uso, na hakuzifanya lolote. Watu waliinuka kumlaki, nami nikainuka, na chini ya mbavu nikasikia kile kitu kilichokaa hapo miaka kumi na miwili, moto uleule kana kwamba umewashwa asubuhi hiyo. Alikuwa amemshika mkono mzee mmoja mwembamba, nywele zake nyeupe tupu kama sufi. Alimketisha palipo na upepo, akammiminia maji ya ukwaju. Nilidhani ni baba yake.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu, Nairobi, na shahada ya sayansi na tabia moja iliyowachosha watu wote: kuuliza ushahidi uko wapi. Nilimuuliza mwalimu wangu wa madrasa, nilimuuliza muuza dawa ya meno sokoni, nilimuuliza hata shangazi yangu aliposema mume wake hampendi. Hospitali moja ya serikali, ambayo sina haja ya kuitaja, ikanichukua kwa mwaka mmoja niwe karani wa mochari. Watu wa mtaani walinihurumia. Mimi nilifurahi, maana niliamini nimefika mahali pekee ambapo mtu hawezi kudanganya. Ofisi yetu ilikuwa chumba chembamba kilichobanwa kati ya mochari na jiko la hospitali, kwa hiyo harufu ya fomalini ilichanganyika na ya vitunguu vinavyokaangwa, na hadi leo nikisikia vitunguu vikiungua naitafuta ile harufu nyingine. Palikuwa na meza moja, viti viwili, birika la umeme, na dirisha la vioo vya kupandana ambalo halikufungika sawasawa. Nje ya dirisha palikuwa na mwarobaini na benchi la saruji, na juu ya benchi hilo jamaa za marehemu walikaa kungoja. Waliokaa hapo walisema yote waliyokuwa nayo moyoni, kwa kuwa mtu akimpa mgongo mwenye dirisha huona yuko peke yake. Chengo, mhudumu wa mochari, aliyeosha maiti miaka mingi kuliko umri wangu, aliweka viazi karai vyake juu ya daftari langu la kumbukumbu na kula akisikiliza benchi kama watu wengine wanavyosikiliza redio.

Daktari Zuhura alikuja kutoka Mombasa Jumanne na Alhamisi. Alitundika buibui lake nyuma ya mlango, akavaa aproni, na kabla hajaigusa maiti alitoka kwanza kwenye benchi akauliza swali moja tu, kwa upole: "Mwasema amekufa na nini?" Kisha akaingia ndani kutazama. Elimu yote ya mwaka ule ilikuwa katika hatua zile chache kati ya benchi na meza ya mawe, kwa sababu habari ya benchi na habari ya mwili hazikukutana mara nyingi. Aliletwa msichana wa kidato cha tatu, wakasema malaria. Mwili ukasema kuna mtu alijaribu kumtoa mimba kwa kitu kichafu. Mama yake alipoambiwa hakulia. Alinitazama mimi mwenye kalamu akasema, "Andika malaria." Aliletwa kibarua wa chumvi wa upande wa Marereni, wakasema moyo, na kweli ulikuwa moyo, lakini nyayo zake zilikuwa zimeliwa na chumvi mpaka nyama ya ndani inaonekana, na kwenye fomu hapakuwa na mahali pa kuandika nyayo. Aliletwa mke wa mtu mwenye heshima zake, aliyeteleza bafuni, na mbavu zake zilionyesha kwamba aliteleza mwaka uliopita pia, na mwaka wa kabla ya huo. Nilikulia mji wa watalii na harusi, na sasa nikawa naujua mji mwingine, ule unaoingilia geti la nyuma. Kazi hiyo ningeipenda moja kwa moja, bila doa, lau Sidi hangekuwepo.

Sidi alitoka Ganze, na alikuwa na diploma ya utabibu. Nasema hivyo makusudi, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikijisemea kila asubuhi: diploma. Alikuwa wodini siku nyingine, ila Jumanne na Alhamisi alikuja kumsaidia Daktari mezani. Mimi mwenye shahada nilisimama mlangoni na ubao wa kuandikia. "Sidi, njoo uone hapa," Daktari alisema, akampa lenzi yake yenye mpini wa pembe. Kwangu alisema, "Twalib, andika." Mwaka mzima sikuishika lenzi ile. Niliijua kila mkwaruzo wake. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulisema kwa mtu: katika mitaa tuliyokulia sisi, watu wa bara ya Ganze walikuja kutuuzia makuti na maembe, na tulicheka Kiswahili chao. Sasa mmoja wao alikuwa anaelewa maneno yote ya benchi lile, ya Kiswahili na ya Kigiriama, wakati mimi nilielewa nusu. Daktari alikuwa akimuuliza, "Wanasema nini huko nje?" naye akimweleza taratibu, huku anaosha mikono. Nilijifunza kuuchukia mgongo wake alipokuwa anaosha mikono.

Kilichofanya yote haya yaume ni kwamba nafasi ilikuwa moja. Mwisho wa mwaka Daktari angempendekeza mmoja wetu kwenda kusomea uchunguzi wa vifo, masomo ya kulipiwa. Alitwambia hivyo wiki ya kwanza, tukiwa tunakula, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani. Chengo ndiye aliyelifanya jambo hilo kuwa mchezo. "Leo Ganze imefunga bao," alisema kila Sidi aliposifiwa, kisha akanigeukia. "Malindi, amka, wapoteza mpira." Sidi alicheka. Mimi nilihesabu. Nilijua ni mara ngapi katika wiki Daktari ametamka jina lake na mara ngapi langu, na nilijua pia kwamba mtu mzima hahesabu vitu kama hivyo.

Mwezi wa nane, Jumanne asubuhi, waliletwa nyuma ya pikapu Mzee Kahindi, amekufa, na ndugu yake Mzee Charo, amekaa kando yake akimshikilia shuka. Vijana wanne walifuatana nao. Mkubwa wao, Safari, alikuwa mtoto wa marehemu. Alisema baba yake alipanda mnazi kugema akateleza. Alisema wana haraka, kaburi limeshachimbwa. Ndani, Chengo alipomfunua mzee akapiga mbinja. Kitambulisho kilionyesha amepita miaka sabini, lakini kichwa chake kilikuwa cheusi tititi, kinang'aa. "Huyu alikuwa na bibi mpya," Chengo akasema. "Tazama, kanyolewa, kapakwa, tayari kwa fungate." Nilicheka. Kwetu piko ni mambo ya wanawake na harusi, na mwanamume mzee anayejipaka ni mwanamume anayetafuta mke mdogo. Kwenye fomu, mbele ya rangi ya nywele, nikaandika: nyeusi. Sidi hakucheka. Aliomba lenzi, akainama, akayakunja masikio ya mzee kwa kidole.

"Daktari, piko imeshika ngozi huku nyuma," akasema. "Imepakwa kwa haraka, na si mara moja. Ya zamani iko chini, mpya iko juu. Mzee huyu alikuwa anaogopa."

"Anaogopa nini?" Daktari akauliza.

"Mvi." Alisema kama mtu anayetaja ugonjwa unaojulikana. "Kwetu mzee mwenye mvi na macho mekundu anaambiwa mchawi. Mtoto akifa jirani, ng'ombe akianguka, ni yeye. Basi wanajipaka. Wengine wanajipakia chooni wasionekane. Na huyu hakuwa mgema, Daktari. Tazama nyayo zake, tazama hivi vifundo. Mgema ana sugu za kupandia. Huyu ana miguu laini."

Kichwani kulikuwa na jeraha moja, kisogoni. Lingeweza kuwa la kuanguka juu ya kisiki, lingeweza kuwa la kitu kingine. Niliona Daktari anamtazama Sidi kwa namna ambayo hajawahi kunitazama mimi, na kabla sijajua nimefungua mdomo nilikuwa nikisema. Nilisema piko si ushahidi, hata mjomba wangu anapaka. Nilisema mtu anaweza kuacha kugema miaka kumi, sugu zikaisha, kisha siku moja akapanda tena. Nilisema tunaloliona ni jeraha moja na hadithi moja, na hadithi haipingani na jeraha. Nilisema, "Tukianza kuandika hofu kwenye ripoti, kesho tutaandika ndoto." Yalikuwa maneno mazuri. Hata sasa nikiyarudia sioni kosa ndani yake, na hiyo ndiyo shida yake. Nilikuwa nimeuliza ushahidi wa kila kitu maishani mwangu isipokuwa ushahidi wa kwa nini ninauliza.

Daktari alifikiri. "Twalib ana hoja," akasema. Sikumbuki sentensi tamu zaidi mwaka ule. Ripoti ikasema jeraha la kichwa, linalolingana na kuanguka. Ya nywele na ya nyayo akasema yangoje, atayafikiria Alhamisi, kwani dereva wake alikuwa anapiga honi getini na mahakama ya Mombasa ilikuwa inamngoja saa nane. Mwili ukaruhusiwa kutoka.

Saa saba mchana nilikuwa ofisini. Sidi alikuwa anatoa chakula chake kwenye kopo, sima na mboga ya mchunga iliyopikwa kwa nazi, na Chengo alikuwa amekwenda kutafuta kamba ya kufungia jeneza. Nje, Safari na wenzake walikuwa kwenye benchi, wametupa mgongo, wanazungumza Kigiriama kwa sauti ya chini. Mzee Charo alikuwa mbali kidogo, amekaa chini, ameegemea gurudumu la pikapu. Nilimtazama kwa mara ya kwanza. Naye pia alikuwa na kichwa cheusi, kimepakwa karibuni, na tone la piko limemtiririka shingoni likakauka hapo kama uzi. Safari akasema jambo. Mwenzake akajibu maneno machache, na neno la mwisho lilikuwa *mumwenga*. Wengine wakaguna kukubali. Sidi akaacha kula.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nini?"

"Wamesema huyu amekwisha, amebaki mmoja. Wanamtazama Mzee Charo. Twalib, andika. Wewe ndiwe karani, daftari ni lako. Andika tarehe na saa na maneno, tutie saini sote wawili. Daktari akirudi Alhamisi atakuwa na kitu mkononi, na mimi nitakwenda polisi nacho sasa hivi."

"Mimi sijui Kigiriama."

"Lakini umesikia."

"Siwezi kuandika nisichokielewa," nikasema. "Huo si ushahidi. Ni maneno yako."

Kila mtoto wa Malindi aliyetumwa sokoni anajua kuhesabu nazi kwa Kigiriama. Neno lile, mmoja, nililijua tangu nina miaka sita. Na hata bila ya neno, niliona wanavyomtazama yule mzee kwenye gurudumu. Nilijua. Lakini nilipofikiri kwamba nitatia saini chini ya jina la Sidi, kwamba Alhamisi Daktari atasoma na kusema, "Sidi, umefanya vema," mkono wangu haukuinuka. Nimejaribu kuipamba saa ile kwa sababu nyingine, uoga, sheria, ugeni wa lugha. Hakuna. Ilikuwa ni hiyo tu.

Sidi alinitazama, si kwa hasira. Kisha akatoka nje. Nilimsikia akimwambia mzee, "Tsawe, njoo ndani," akimwita babu kwa lugha yao, akamleta akamkalisha kwenye kiti chake, akamwekea kopo la sima mbele. Akamfunua kope akamtazama macho. Akachukua kadi ya hospitali kwenye droo, akaandika jina lake, akaandika presha imepanda sana, alazwe leo. Kifaa cha kupimia presha kilikuwa wodini, hatua mia mbili kutoka pale. Hakumpima. Akamwinamia mzee, akanionyesha mimi kwa kidevu, akamnong'oneza maneno machache ya Kigiriama, kisha akatoka na kadi, nikamsikia akiwaambia vijana kwamba mzee wao hawezi kusafiri, atabaki, wao watangulie na marehemu.

"Atabaki mpaka lini?" Safari akauliza.

"Mpaka nitakaposema."

"Dada, huyu ni baba yetu mdogo. Lazima amzike ndugu yake."

"Akianguka njiani mtazika wawili," Sidi akasema. "Au hilo halina neno kwenu?"

Nikasikia wakipanda pikapu, kisha ikawashwa.

Wakati huo wote Mzee Charo alikuwa mbele yangu, upande wa pili wa meza, anakula. Alikula taratibu sana, akimega tonge ndogo, na kila baada ya muda alinitazama. Mimi nilikuwa nimeinama naandika. Niliandika kwa mwandiko wangu bora. Nilikuwa namwandikia Daktari Zuhura, na nakala kwa daktari mkuu wa hospitali, kwamba siku hiyo, saa saba na nusu mchana, mbele ya macho yangu, Sidi alijaza kadi ya mgonjwa ambaye hakumpima. Kila neno lilikuwa kweli. Nilitaja hata umbali wa kifaa. Nakala ile niliipeleka jioni hiyo hiyo, kabla ya kwenda nyumbani, maana nilijua Daktari akiipata peke yake ataikunja aitie mfukoni.

Na ndivyo alivyofanya. Alhamisi aliisoma amesimama, akaikunja mara nne, akaitia katika mfuko wa aproni. "Ni kweli, Sidi?" "Ni kweli." "Mzee yuko wapi?" "Wodi ya wanaume, kitanda cha mwisho." Daktari alikwenda mwenyewe na kifaa, aliporudi akasema presha ya mzee imepanda vibaya, kalazwa kwa haki. Chengo akacheka mpaka akashika meza. "Mtu anayewindwa na watoto wake mtake presha yake iwe ya maji ya dafu?" akasema. Lakini nakala ilikuwa imeshafika juu, na Mzee Kahindi alikuwa ameshazikwa bila ya piko na nyayo zake kuingia kwenye ripoti. Sidi alipewa barua ya onyo, na mwenye onyo hapendekezwi. Daktari alitia saini fomu ya kunipendekeza mwezi wa kumi na mbili, ofisini, vitunguu vikinuka. Alipomaliza akasema, "Ile barua yako haikuwa na kosa hata moja, Twalib." Nilimshukuru. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba hakuwa ananisifu.

Mzee Charo hakurudi kwake. Sidi alimtafutia nafasi katika nyumba moja ya kuwahifadhi wazee waliofukuzwa, na huko akakaa. Kabla ya mwaka kwisha shamba la ndugu wale wawili lilikuwa limewekewa vigingi na kugawanywa, na hapo hata mimi nikaelewa: neno mchawi lilikuwa ni pazia tu, nyuma yake kulikuwa na ekari. Polisi walipoamka kumuuliza Safari, wakili wake aliwaonyesha ripoti yetu. Inalingana na kuanguka. Kesi haikufika popote. Maneno yale hayakuwa na mwandiko wangu peke yake, lakini mimi ndiye niliyeyatafutia njia. Nilikwenda kusoma, nikakaa mwaka na nusu, nikaacha. Niliwaambia watu kwamba nimechoka na maiti. Leo nakagua madai ya ajali katika kampuni ya bima, na bado nauliza ushahidi uko wapi, na nalipwa kwa hilo. Sidi alijisomesha polepole, likizo kwa likizo. Baada ya Mzee Kahindi alianza daftari lake mwenyewe, akiandika nywele na nyayo za kila mzee aliyeletwa, na hilo likawa kazi yake, na sasa madaktari wa pwani nzima wakipokea mzee wanatazama nyuma ya masikio. Nimesoma kila alichoandika. Nimesoma nikitafuta kosa.

Basi kwenye karamu, baada ya hotuba, yule mzee wa mvi alinyanyuka kwenye kiti chake akaja mpaka nilipo, akishika migongo ya viti vya watu. Nikamwamkia, "Shikamoo." "Marahaba, mwanangu." Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Sauti ndiyo iliyonifanya nimtambue, kabla ya uso. Kichwa kile nilikiona mara ya mwisho kikiwa cheusi.

"Hunijui," akasema. "Mimi nakujua. Wewe ndiwe karani. Sidi aliniambia, tsawe, usiogope, kula, yule karani anakuandika jina, na mtu aliyeandikwa hapotei. Mimi sijui kusoma. Lakini nilikuona umeinama, waandika, waandika, mimi nakula. Nilikuwa sijalala siku tatu. Usiku ule nililala. Nakuombea tangu siku hiyo, nilikuwa tu sina jina lako."

Ningeweza kunyamaza. Nakiri nilinyamaza, kwa muda ambao ulinitosha kuionja ile shukrani, na ilikuwa na ladha. Ilikuwa yake Sidi na alikuwa amenigawia, miaka kumi na miwili iliyopita, wakati ule ule nilipokuwa nikiandika. Hata hapo alikuwa amenizidi. Nadhani ni wivu, si wema, ulionifanya niseme kweli, kwa sababu sikuweza kuvumilia kushika kitu alichonipa yeye.

"Mzee," nikasema, "sikuwa nakuandika wewe. Nilikuwa naandika barua ya kumshtaki Sidi. Nilitaka afukuzwe."

Hakuuachia mkono wangu. Alinitazama muda mrefu, kama anavyotazama mtu aliyeambiwa bei na anaifikiria. Kisha macho yake yakaondoka usoni mwangu yakaenda pembeni, yakatua hapo. Akanyoosha kidole, akalishika sikio langu kwa upole, akalikunja, akatazama nyuma yake, pale ambapo kinyozi hakuwa amefuta vizuri.

"Na wewe," akauliza, "waogopa nani?"

Sidi alikuwa amesimama hatua kumi kutoka pale, sahani mkononi, anamcheka Chengo kwa jambo fulani, na upepo ulikuwa unazichezea mvi zake.